Kabla ya Kupiga Kura, Isome Hiyo Karatasi

Ndugu zetu wa Kaptembwo, hebu tuongee kuhusu mgomo wa vyuo vikuu. Ulianza Septemba 17, 2025 na ukaisha Novemba 5. Siku 49. Mtu asikwambie hiyo ilikuwa shida ya maprofesa peke yao. Mpishi, mlinzi, karani na mfagiaji wa Egerton pale Njoro wanaishi mitaa kama hii yetu. Pesa yao ikikwama, mwenye nyumba anajua, mwenye duka anajua, mama mboga naye anajua.

Na walikuwa wanadai nini? Kati ya madai yao makuu ilikuwa baki ya mkataba wa pamoja, ile CBA ya 2017 hadi 2021. Fikiria mtoto aliyeingia kidato cha kwanza mwaka 2017. Kufikia 2025 anaweza kuwa amemaliza hata digrii, na mzazi wake bado anafuata pesa ya mkataba wa mwaka ule.

Vyama vya UASU na KUSU vilisema deni ni Sh7.9 bilioni. Upande wa serikali ulikuwa ukisema kilichobaki ni Sh624 milioni. Yaani mkataba ni mmoja, lakini hesabu ni mbili, na ziko mbali kama mbingu na ardhi. Mwishowe walikubaliana pesa ilipwe kwa awamu mbili, Novemba 2025 na Julai 2026.

Funzo liko wapi? Sahihi si pesa. Picha ya viongozi wakipeana mikono si pesa.

Kifungu cha 41 cha Katiba kinampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama na kugoma, na kinakipa chama haki ya kujadiliana na mwajiri. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 inasema mkataba wa pamoja unapata nguvu ukishasajiliwa kortini. Lakini chama ni nani? Chama ni wewe unayekatwa ada kila mwezi. Kiongozi amekwenda kujadili kwa niaba yako.

Kwa hivyo wakikuita kwenye mkutano wa tawi mpige kura juu ya makubaliano, usikimbilie kuinua mkono. Uliza haya:

Moja, pesa ni ngapi, na pande zote mbili zimeandika hesabu moja?

Mbili, italipwa tarehe gani? "Hivi karibuni" si tarehe.

Tatu, imewekwa kwenye bajeti? Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1. Kisichokuwa kwenye bajeti ni maneno matamu tu.

Nne, siku ikipita bila malipo, tunafanya nini? Iandikwe humo ndani.

Tano, nani ameachwa nje? Kibarua wa jikoni na mhadhiri wa muda wanafanya kazi ileile. Wametajwa, au tumewasahau kwa sababu hawana kura?

Kuna watakaosema, "Jameni tumechoka, wekeni sahihi turudi kazini." Tunawaelewa. Rent haingoji na karo haingoji. Kukubali malipo ya awamu si aibu, nusu mkononi inaweza kuwa bora kuliko yote ya kuota. Lakini ukubali ukijua unakubali nini. Na kura iwe ya siri, si ya kuinua mkono mbele ya mwenyekiti huku mkuu wako wa idara amekaa kiti cha mbele anaangalia nani ni nani.

Nanyi viongozi, gaweni nakala mapema. Siku tatu kabla ya mkutano si mzigo. Isomwe kwa Kiswahili pia, maana mfagiaji ana kura sawa na profesa. Mwanachama aliyesoma ndiye atakayesimama nanyi mkirudi kudai.

Wewe mwanachama, weka nakala yako vizuri. Julai 2026 ndiyo tarehe iliyokubaliwa ya awamu ya pili, na tarehe ya kwenye karatasi haifuatiliwi na mtu asiyekuwa na karatasi.

Ahadi ni deni. Lakini deni bila maandishi, utamdai nani?

Soma. Uliza. Kisha piga kura. Na ukimaliza, mpelekee mwenzako anayefanya kazi chuoni.