Mstari wa Nyakati Usiwe Kamba ya Nguo

Wako wanachuo wadharauo mstari wa nyakati, wakidai kuwa ni chombo cha watoto wa shule. Kosa si la mstari. Kosa ni la wachorao mstari wa uongo. Itazame michoro tuliyoizoea: kutokea kwa dunia kumetengwa na mtu wa kale kwa shubiri moja, na mtu wa kale ametengwa na Uhuru kwa shubiri ile ile. Huo si mstari wa nyakati. Ni kamba ya kuanikia nguo, na kila vazi limetundikwa palipopatikana nafasi.

Na tuunyoshe mstari wa haki. Wataalamu wa nyota wakadiria umri wa ulimwengu kuwa miaka milioni 13,800. Mita moja ikiwa miaka milioni moja, twahitaji kilomita 13.8, na njia ya kiasi hicho tunayo: ni barabara itokayo pande za Tengeru kuja Mnara wa Saa, katikati ya Arusha. Mwenye kuianza alfajiri atakwenda zaidi ya kilomita 9 kabla dunia yetu haijafanyika. Mijusi wakubwa wa Tendaguru, ambao mifupa yao ilichimbuliwa huko Lindi, atawakuta zimebaki kama mita 150 tu. Nyayo za watu wa kale wa Laetoli, zilizofukuliwa mwaka 1978, hazifiki mita 4 kutoka mnarani. Fuvu la Oldupai, aliloliona Mary Leakey mwaka 1959, halifiki mita 2. Kuporomoka kwa ubavu wa mashariki wa Meru, ambako vifusi vyake vilifanya mabonde ya maziwa ya Momella, hakufiki sentimita moja. Na Uhuru wa 1961? Ni unene wa unywele.

Hapo wapinzani hupaza sauti: "Mwamdunisha binadamu! Azimio la Arusha la 1967 mwalifanya vumbi!" Sivyo. Mstari hupima muda, haupimi thamani. Achanganyaye mizani hizo mbili ndiye yule aliyeipa karne moja nusu ya ukuta kwa sababu aliipenda.

Tena uongo huo una madhara. Mkazi wa Arusha aambiwapo kwamba Meru ulitoa moto mara ya mwisho mwaka 1910, hudhani hizo ni habari za kale, na kwamba mlima umekwisha kufa. Katika mstari wa haki, 1910 ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Aliyesinzia sasa hivi haitwi maiti.

Nakiri kuwa hata mstari wa haki waweza kupotosha: mwanafunzi aweza kudhani kwamba ulimwengu ulitembea kilomita zote hizo ili uje kutulaki sisi. Dawa yake ni nyepesi. Tusiukomeshe mstari mnarani. Barabara yaendelea kuelekea Kisongo, nasi hatujui itafika wapi.