Kabla ya Kujaza Udaktari, Jihoji Mwenyewe

Kila mara matokeo ya mtihani wa KCSE yanapotangazwa, chumba changu cha matibabu hapa Kisii hujaa wageni wasio wagonjwa. Ni wazazi, wengine kutoka Nyamira na Keroka, wakiwa wameandamana na watoto wao. Swali lao huwa moja: "Daktari, tufanyeje huyu aingie udaktari?" Aghalabu mzazi ndiye husema. Mtoto hutazama sakafu.

Msomaji mpendwa, nchini Marekani kijana husomea kwanza shahada nyingine, ambayo kwa kawaida huchukua miaka minne. Kisha hufanya mtihani maalumu, hueleza kwa maandishi sababu za kuitaka kazi hiyo, na hatimaye huketi mbele ya watu wakamhoji. Kwetu sivyo. Anayeteuliwa na KUCCPS, asasi iliyorithi kazi ya JAB baada ya sheria ya vyuo vikuu ya mwaka 2012, hupimwa kwa alama zake, hasa za Baiolojia, Kemia, Hisabati au Fizikia, na lugha. Hakuna anayemuuliza kwa nini. Basi mahojiano ambayo hutafanyiwa na mtu, jifanyie mwenyewe.

Jiulize kwanza: ndoto hii ni ya nani? Baba aliyekulipia karo kwa jasho la majani chai ana haki ya kutumaini, lakini si yeye atakayekesha wodini. Masomo ni miaka sita, kisha mwaka mmoja wa uanagenzi, ndipo upate leseni ya baraza la madaktari, KMPDC.

Pili, je, umeiona kazi yenyewe? Kijana mmoja mwenye alama nzuri aliwahi kuninong'oneza, "Daktari, na nikizimia nikiona damu?" Nilimshauri aombe kujitolea katika zahanati ya karibu na kwao, hata kama ni kufagia na kupanga kadi. Alirudi baada ya wiki tatu. Hakutaja damu. Alinisimulia habari za bibi mmoja aliyefunga dawa zake za shinikizo la damu kwenye leso bila kuzimeza, kwa sababu maelezo alipewa kwa Kiingereza. Kijana alimweleza upya kwa Ekegusii. "Alinishika mkono, hakuuachilia," akaniambia. Sikuwa na swali jingine la kumwuliza.

Tatu, unatafuta nini? Kati ya Machi na Mei 2024 madaktari wa hospitali za umma waligoma kwa siku 56, na kiini kikubwa cha mgomo huo kilikuwa kuajiriwa na malipo ya madaktari wanagenzi. Anayeingia akidhani huu ni mlango wa utajiri wa haraka atavunjika moyo mapema.

Na ukikosa nafasi, usijione umeanguka. Chuo cha KMTC kina matawi hapa Kisii na kule Nyamira. Tabibu mwenye diploma ndiye ambaye wagonjwa wengi wa vijijini humwona kwanza, na maisha mengi huokolewa mikononi mwake.

Ikiwa tayari uko katika chuo kama hicho na unalenga shahada, usingoje mwaka wa mwisho. Tafuta masharti ya kila chuo kikuu mapema, kwani alama zako za KCSE zitakufuata hata huko, na diploma dhaifu haitakusaidia. Hakikisha pia kwamba chuo unachokitaka kinatambuliwa na KMPDC. Usilipe hata shilingi moja kabla ya kuthibitisha hilo, hasa ukiahidiwa nafasi ng'ambo. Waliosomea nje hutakiwa kufaulu mtihani wa baraza hilo kabla ya kuanza uanagenzi nchini.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Udaktari huanza kwa kuinama: juu ya vitabu, kisha juu ya kitanda cha mtu usiyemjua.

Nawe mzazi, ukija kwangu mwakani, karibu. Lakini keti kando kidogo, umwache mtoto aseme.