MTIHANI WA CHEO NA MIZANI YA HAKI

Askari alalamikaye kwamba mtihani wa cheo haukuwa wa haki hakuasi. Ataka mizani ikaguliwe. Tutazame Marekani. Masajini weusi wa polisi mjini Boston waliupinga mtihani wa uluteni wa mwaka 2008. Mahakama haikuwapa haki yao ila mwaka 2015. Mji wa New Haven nao ulifuta matokeo ya askari wa zimamoto ya mwaka 2003 pasi na ushahidi wa kutosha. Mwaka 2009 Mahakama ya Juu ikaamua kuwa waliofaulu wamevunjiwa haki. Basi kupuuza ni dhuluma, na kufuta ovyo ni dhuluma. Twaitaka Serikali iupime mtihani kabla haujafanywa, na malalamiko yasikilizwe mapema na asiyeutunga. Nasi wanachama tudai kwa hoja, si kwa ghasia.