Orodha za Meli Zifunguliwe: Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Nairobi

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Nakuandikia hadharani kuhusu watu walioshushwa Mombasa na meli ili wajenge reli ya Uganda. Kati ya 1896 na 1901 vibarua karibu 32,000 waliletwa kutoka India, wengi wao Wapunjabi waliopandia meli Karachi. Karibu 2,500 walifariki. Wengi wa waliosalia walirudi kwao, na 6,700 hivi wakabaki. Mwaka 2017 Serikali iliwatambua Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44. Tulishukuru. Hata hivyo, nyumbani watoto bado wanauliza: babu wa babu alitoka kijiji gani?

Durban, Afrika Kusini, swali hilo lina pa kuanzia. Meli ya Truro, iliyobeba vibarua wa Kihindi, ilitia nanga huko Novemba 1860 ikitokea Madras. Katika orodha za meli za Natal, koloni lililokuwa na Durban, kila abiria ana mstari wake: nambari, jina, jina la baba, umri, tabaka, wilaya, kijiji, hata alama za mwilini kama kovu. Orodha hizo zimekwisha kuingizwa kwenye kompyuta. Kule Mauritius, Taasisi ya Mahatma Gandhi iliyoko Moka inatunza madaftari ya wahamiaji, na baadhi yao wana picha.

Katika mstari kama huo, jina la abiria peke yake halitoshi. Karani aliandika alivyosikia, na akina Singh ni wengi mno. Kinachomtenga mtu na wenzake ni jina la baba na kijiji. Tena, tangu Punjab igawanywe mwaka 1947, asiyejua wilaya hajui hata aanzie nchi gani: Amritsar iko India, Lahore iko Pakistan.

Kwa hivyo nina maombi matatu.

Kwanza, tangaza ni nyaraka zipi za meli, mikataba na vifo vya vibarua wa reli zilizomo ghalani mwako, na ziko katika majalada gani. Hata pale ambapo hakuna kitu, sema hakuna, ili mtu asifunge safari ya bure kutoka Kisumu.

Pili, zikipigwa picha, faharasa iruhusu kutafuta kwa meli, kwa jina la baba na kwa kijiji. Picha ya ukurasa iwekwe pamoja na jina, msomaji aamue mwenyewe mwandiko unasema nini.

Tatu, waandikie wenzako wa London, Delhi na Lahore. Ujenzi ulisimamiwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza, nao vibarua waliandikishwa India. Kinachokosekana Nairobi huenda kimelala huko.

Ibara ya 35 ya Katiba inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Hatudai yote kwa siku moja. Anza na meli moja. Miongoni mwetu wamo wazee wanaosoma Kigurmukhi na Kiurdu cha mkono, nao wako tayari kusaidia bila malipo. Waite wangali hai.

Wako,
Mjukuu wa kibarua wa reli