Simu Nafuu kwa Kazi ya Afya Ni Ile Inayodumu

Simu ya mkononi imekwisha kuwa kifaa cha tiba, ingawa ni nadra kuikuta katika orodha ya vifaa vya zahanati. Kwa simu, muuguzi aliye peke yake zamu ya usiku huomba ushauri wa daktari wa hospitali ya wilaya. Kwa simu, mhudumu wa afya ngazi ya jamii hutuma taarifa za kaya alizozitembelea, mgonjwa wa kisukari hukumbushwa siku ya kliniki, na mama mwenye uchungu huitiwa gari. Kifaa kingine chochote chenye majukumu mazito kiasi hicho kingenunuliwa kwa vigezo vilivyoandikwa na kukubaliwa. Simu hununuliwa kwa rangi yake, kwa idadi ya kamera zilizo mgongoni, na kwa ufasaha wa kijana anayesimama mlangoni mwa duka.

Utaratibu huo una gharama, na aghalabu huwaangukia wenye kipato kidogo. Mnunuzi huchagua simu ya bei ya chini kabisa; baada ya miezi michache inajaa, inaanza kuzima katikati ya mazungumzo, na kabla ya miaka miwili kutimia analazimika kutafuta nyingine. Makala haya yanatetea hoja moja: bei ya simu inayotumika kwa ajili ya afya ihesabiwe kwa muda itakaofanya kazi kwa usalama, na sifa zake zipimwe kwa kazi iliyokusudiwa. Anayenunua kwa kipimo hicho hutumia fedha kidogo zaidi, na siri ya mgonjwa hubaki salama zaidi.

Kazi itangulie kifaa

Kabla ya kuulizia bei, yafaa kuuliza kama simu janja inahitajika kweli. Huduma kadhaa muhimu nchini Tanzania hazihitaji intaneti. Namba 115 ya mfumo wa m-mama, unaosafirisha wajawazito na watoto wachanga wakati wa dharura, hupigwa bila malipo kutoka simu yoyote. Ndivyo ilivyo kwa namba 199 ya kituo cha huduma kwa wateja cha Wizara ya Afya. Kampeni ya Wazazi Nipendeni, iliyoanza mwaka 2012, iliwafikia wajawazito kwa ujumbe mfupi wa maandishi, nao ulisomeka vizuri kwenye kitochi cha kawaida.

Kwa hiyo mtoa huduma asimshurutishe mgonjwa kununua simu janja ili afuatiliwe vyema. Mzee ambaye kisukari kimemdhoofisha macho huenda akafaidika zaidi na kitochi chenye vitufe vikubwa, sauti ya juu na betri inayokaa siku kadhaa, kuliko kioo kipana asichokiona. Fedha iliyopaswa kununua dawa ikihamishiwa kwenye simu, ufuatiliaji umekuwa madhara.

Zipo kazi zinazoihitaji simu janja. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilikubali kwamba mgonjwa wa kifua kikuu anaweza kumeza dawa akionekana kwa video badala ya mbele ya msimamizi, pale teknolojia inapopatikana na kutumika ipasavyo. Mgonjwa anayeishi mbali na kituo huokoa nauli na siku za kazi. Mhudumu anayejaza fomu za kielektroniki naye hawezi kutumia kitochi. Hapo ndipo swali la simu ipi linapoanza.

Hesabu ya miezi

Chukulia simu mbili. Ya kwanza inauzwa shilingi 180,000 na inadumu miezi 18. Ya pili inauzwa shilingi 336,000 na inadumu miezi 48. Ya kwanza imemgharimu mwenye nayo shilingi 10,000 kwa mwezi, ya pili shilingi 7,000. Ile iliyoonekana rahisi dukani ndiyo iliyokuwa ghali nyumbani, hata kabla ya kuhesabu vioo vilivyobadilishwa kwa fundi na picha za wagonjwa zilizopotea pamoja nayo.

Hesabu hiyo inahitaji pia kutazama mkopo. Siku hizi simu nyingi hutolewa kwa malipo ya awali na marejesho ya kila siku, na simu hujifunga yenyewe marejesho yakichelewa. Tuseme simu ya shilingi 300,000 taslimu inatolewa kwa malipo ya awali ya shilingi 60,000 na marejesho ya shilingi 1,200 kwa siku 365. Jumla ni shilingi 498,000. Mkopo si dhambi, na kwa asiye na akiba huenda ndiyo njia pekee. Hata hivyo, mjamzito aliyekaribia kujifungua, au mhudumu anayetegemewa na kijiji kizima, ajue mapema kwamba simu hiyo inaweza kufungwa siku atakayoihitaji kuliko siku zote. Aulize kwa maneno bayana: ikifungwa, je, namba za dharura bado zitapigika? Na awe na kitochi cha akiba.

Simu nayo ina tarehe ya kuisha muda

Hakuna mfamasia mwaminifu anayetoa dawa bila kutazama tarehe ya kuisha muda wake. Simu janja nayo ina tarehe yake, japo haichapwi kwenye boksi. Ni siku ambayo mtengenezaji ataacha kutuma masasisho ya usalama, yaani marekebisho yanayoziba mianya inayotumiwa na wahalifu kuingia ndani ya simu. Baada ya siku hiyo simu itaendelea kupiga na kupokea, lakini mlango wake wa nyuma hautakuwa na mlinzi. Programu nazo huziacha simu za zamani: tangu Januari 2025 WhatsApp haifanyi kazi kwenye simu za Android zenye toleo la 4.4 au la chini yake.

Kwa muda mrefu masasisho ya miaka mingi yalikuwa fadhila ya simu za matajiri. Hali imeanza kubadilika. Samsung ilipotoa Galaxy A16 mwaka 2024, simu isiyo ya daraja la juu, iliahidi miaka 6 ya masasisho ya usalama. Mfano huo hautajwi ili kuipigia debe kampuni hiyo. Unaonyesha kwamba mnunuzi wa kawaida anayo haki ya kuuliza, na kwamba muuzaji asiye na jibu anastahili kuachwa. Muda huo huhesabiwa tangu simu ilipotolewa sokoni, hivyo simu mpya ya toleo la miaka mitatu iliyopita imekwisha kupoteza miaka mitatu, hata kama boksi lake halijafunguliwa.

Wahenga walisema mficha uchi hazai, na wagonjwa wameutii wosia huo. Wameeleza yaliyo sirini, wamekubali vidonda vyao vipigwe picha, wametaja majina ya wenzi wao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Simu isiyopata masasisho, isiyo na nywila, inayochezewa na watoto jioni, na inayochanganya picha za wodini na picha za harusi, si mahali pa kuziweka. Na inapofika siku ya kuiuza au kumrithisha ndugu, kufuta picha moja moja hakutoshi. Simu yote irejeshwe katika hali ya kiwandani.

Sifa zinazostahili kulipiwa

Betri ndiyo ya kwanza. Simu nyingi za bei ya wastani sasa huja na betri ya milliampea-saa 5,000, kiasi ambacho kwa matumizi ya kawaida humfikisha mtu jioni. Betri hizi huchakaa kila zinapochajiwa, na joto huharakisha uchakavu huo. Simu isiachwe juani, juu ya dashibodi ya gari, wala chini ya mto ikichajiwa. Betri iliyovimba isibonyezwe wala kutobolewa, kwani inaweza kuwaka.

Ya pili ni nafasi. Gigabaiti 64 za kuhifadhi na gigabaiti 4 za kumbukumbu ya kazi, ile ambayo wauzaji huiita RAM, ni kiwango cha chini kinachofaa kwa mhudumu anayetumia programu za kazi pamoja na WhatsApp. Baadhi ya matangazo huongeza juu ya RAM halisi sehemu iliyoazimwa kutoka kwenye hifadhi. Mnunuzi aulize idadi halisi. Ya tatu ni laini mbili, kwa sababu kuna vijiji vinavyofikiwa na mtandao mmoja tu, nao hauwi ule ule kila mahali. Ya nne ni kioo na jalada vinavyofutika. Simu huingia wodini na kurudi nyumbani, hushikwa kabla ya mikono kunawiwa. Ikizimwa na kufutwa kwa kitambaa chenye spiriti ya asilimia 70, inapunguza vimelea inavyovibeba.

Kamera ndiyo inayotangazwa zaidi na ndiyo inayostahili kulipiwa kidogo zaidi. Picha inayotumwa kwa WhatsApp hupunguzwa ukubwa njiani, hivyo megapikseli 108 za tangazo hazimfikii daktari. Mwanga wa dirishani, mkono uliotulia na rula iliyowekwa kando ya kidonda husaidia utambuzi kuliko idadi ya lenzi.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na simu bandia hutembezwa sana. Katikati ya Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizizima simu bandia nchini, na wengi wakaamka wakiwa hawana mawasiliano. Kinga yake ni rahisi: kabla ya kulipa, piga *#06#, uzione tarakimu 15 za utambulisho wa simu, uzilinganishe na zilizo kwenye boksi, kisha uzitume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090. Jibu lisipotaja aina ya simu iliyo mkononi, usinunue. Simu ya mtumba iliyo halali inaweza kuwa chaguo jema kuliko mpya iliyo dhaifu, mradi betri imekaguliwa, masasisho hayajakoma na risiti imetolewa.

Simu haipimi presha

Onyo moja halina budi kutolewa kwa wagonjwa. Kati ya mwaka 2014 na 2015 iliuzwa nchini Marekani programu iitwayo Instant Blood Pressure, iliyodai kupima shinikizo la damu kwa kuweka kidole kwenye kamera na simu kifuani. Watafiti wa Johns Hopkins waliichunguza, na mwaka 2016 wakaripoti kwamba zaidi ya robo tatu ya watu waliokuwa na shinikizo la juu walionyeshwa kuwa hawana. Mtu wa namna hiyo huacha dawa huku akitabasamu. Kipimo cha presha kiendelee kufanywa kwa mashine yenye mkanda wa kufunga mkononi. Muuzaji anayeipandisha bei simu kwa sababu "inapima presha" anauza hatari.

Deni la waajiri

Si haki mzigo wote kumwachia mnunuzi. Mpango wa kitaifa uliozinduliwa Januari 2024 umekusudia kuwa na wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 katika miaka mitano. Popote mhudumu anapotakiwa kutuma taarifa za wagonjwa kwa simu, anayemtuma anawajibika kutaja kiwango cha chini cha simu hiyo, kuchangia kifurushi chake cha intaneti, na kueleza nini kifanyike ikiibwa. Kumwagiza mtu atumie simu yake mwenyewe, kisha kumlaumu siri ikivuja, ni kumtwisha mzigo na kumnyima kata.

Hospitali na halmashauri zinaweza kuanza bila bajeti kubwa. Karatasi moja ukutani yatosha: simu halisi iliyothibitishwa kwa 15090, masasisho yasiyopungua miaka mitatu mbele, gigabaiti 64 na 4, laini mbili, nywila, na waranti yenye risiti. Mwenye karatasi hiyo mfukoni akiingia dukani, maneno ya mlangoni hayatamyumbisha, na simu atakayotoka nayo itakuwa bado inaita miaka minne baadaye, usiku mama wa kijiji cha mbali atakapoihitaji.