Kombe la Gossage na Wajibu wa Mvaa Sare

Mwaka 2026 unatimiza miaka 100 tangu timu za Kenya na Uganda zilipokutana mjini Nairobi, mwaka 1926, kugombea kombe lililotolewa na kampuni ya sabuni ya Kiingereza iliyoitwa Gossage. Mchezo wa kwanza ulikwisha kwa sare ya bao 1 kwa 1. Uliporudiwa, Kenya ilishinda kwa mabao 2 kwa 1. Ndivyo lilivyoanza shindano la kandanda la kimataifa ambalo ni miongoni mwa yale makongwe kabisa katika bara letu. Sisi tulio katika utumishi wa ulinzi na usalama hatuna budi kuitazama karne hiyo kwa makini, kwani ndani yake mna mafunzo yanayotuhusu kwa karibu sana.

Kombe la Gossage halikuletwa ili kuwaunganisha Waafrika. Lilibeba jina la mfanyabiashara, nalo lilichezwa chini ya utawala wa kikoloni. Lakini jambo likishaanza halimtii daima aliyelianzisha. Tanganyika iliingia mwaka 1945, Zanzibar mwaka 1949, na bendera za uhuru zilipopandishwa kati ya 1961 na 1963, shindano lilikuwa limekwisha kuwa mali ya wananchi wenyewe. Jina la Gossage liliondoka baada ya 1966, na kuanzia 1973 kombe likawa la CECAFA, yaani la Afrika Mashariki na Kati. Rwanda, iliyokuwa chini ya Wabelgiji, haikuwamo katika safari hiyo ya mwanzo. Iliingia baadaye, na mwaka 1999 timu yetu ya pili, Rwanda B, ikalitwaa kombe hapa hapa nchini kwa kuifunga Kenya mabao 3 kwa 1 katika fainali.

Tusidanganyane, hata hivyo. Wako wasemao kwamba mpira huleta amani, na maneno hayo hupigiwa makofi kila yanaposemwa. Historia yasema vingine. Katika fainali ya 1973 Uganda iliifunga Tanzania. Mwaka uliofuata nchi hizo hizo zikakutana tena katika fainali, na Tanzania ikashinda kwa mikwaju ya penalti. Oktoba 1978 majeshi yao yalikuwa vitani, na Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Kombe halizuii bunduki. Amani hulindwa na siasa safi, na sheria, na jeshi lenye utii.

Kazi ya mpira ni ndogo kuliko hiyo, lakini si haba. Mpira humzoeza kijana mwenye nguvu kumtii mtu asiye na silaha yoyote ila filimbi. Kwa askari, hilo ni fundisho la thamani kubwa. Jeshi letu lina timu ya APR, iliyoundwa mwaka 1993, na polisi wana timu yao. Mchezaji wa timu hizo akimzonga mwamuzi, hajajiaibisha yeye peke yake. Wananchi waliokaa jukwaani wameiona sare, ijapokuwa siku hiyo amevaa jezi na bukta.

Lakini si sote tuchezao. Wengi wetu huingia uwanjani kwa kazi ya ulinzi, na hapo ndipo penye uzito wa maneno yetu ya leo. Tuchukue mfano wa Gitega, sekta ya wilaya ya Nyarugenge hapa Kigali, ambayo msomaji asiichanganye na mji wa Gitega ulio Burundi. Ni mtaa wenye watu wengi na nyumba zilizobanana, ulio jirani na Nyamirambo, na uwanja wa Nyamirambo, uliopewa jina la Pelé mwaka 2023, hauko mbali nao. Siku ya mchezo mkubwa vijana wa Gitega hupanda kwa miguu, wazee kwa watoto. Mzazi aliyemruhusu mwanawe kwenda mpirani hamkabidhi kwa kocha wala kwa mwamuzi. Anamkabidhi kwa askari aliye mlangoni.

Na dunia imekwisha kuona yanayotokea askari huyo anapokosea. Mjini Lima, nchini Peru, tarehe 24 Mei 1964, bao lilikataliwa, watazamaji wakachafukwa, polisi wakafyatua mabomu ya machozi. Watu walikimbilia ngazi za kutokea, wakaikuta milango imefungwa. Hesabu ya serikali ilitaja maiti 328. Mjini Accra, tarehe 9 Mei 2001, mambo yakawa yale yale: viti viling'olewa, moshi ukafyatuliwa, milango ilikuwa imefungwa, na zaidi ya watu 120 walikufa. Tarehe 1 Oktoba 2022, katika uwanja wa Kanjuruhan nchini Indonesia, moshi huo ulifyatuliwa hadi majukwaani, na watu 135 wakapoteza maisha. Miaka 58 ilipita kati ya Lima na Kanjuruhan, na kosa halikubadilika. Wengi wa marehemu hao hawakuuawa na ghasia, bali walikufa kwa kubanwa na kukosa hewa, wakikimbia dawa iliyokusudiwa kuituliza ghasia.

Kanuni za usalama viwanjani za FIFA zinakataza silaha za moto na gesi ya kutawanyia watu kando ya uwanja. Tusiione kanuni hiyo kuwa ni ulegevu wa raia wasioijua kazi yetu. Uwanja wa mpira haufanani na barabara. Barabarani, aliyetawanywa ana pa kwenda. Jukwaani, mbele yake ni migongo ya wenzake na nyuma yake ni ukuta.

Mtu ataweza kuuliza: je, askari akunje mikono huku umati ukivunja milango? La hasha. Agosti 2025, wakati wa mashindano ya CHAN, watu wasio na tiketi walipenya ulinzi wa uwanja wa Kasarani mjini Nairobi, na CAF ikapunguza idadi ya watazamaji walioruhusiwa kuingia humo. Ulegevu nao una gharama yake. Lakini jibu la tatizo hilo liko nje ya uwanja, saa kadhaa kabla ya mchezo: vizuizi vya mbali vya kukagua tiketi, foleni zilizopangwa, na milango ya kutokea yenye mtu aliye tayari kuifungua wakati wowote. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kamanda aliyezipanga njia zake asubuhi hatalazimika kuomba mabomu ya machozi jioni.

Liko na jambo jingine, dogo kwa sura, ambalo hatulifichi kwa sababu lahusu nyumba yetu. Sare si tiketi. Askari asiye kazini anayepita mlangoni kwa kuonyesha kitambulisho, na nyuma yake ndugu watatu na rafiki wawili, amechukua nafasi ya raia waliolipa, naye amewafundisha vijana wa mtaani kwamba mlango hupitwa kwa ubavu. Kesho vijana hao wakijaribu ubavu wao, tutawaita wahuni. Tungependa kila mkuu wa kikosi alikemee jambo hili kwenye gwaride, bila kuona haya.

CAF imezipa Kenya, Uganda na Tanzania haki ya kuandaa kwa pamoja Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Ni nchi zile zile ambazo timu zake zilikuwa za kwanza kuligombea kombe la sabuni. Maafisa na askari wa kanda hii watalinda umati mkubwa, na sisi wa Rwanda, tulio jirani na washirika katika Jumuiya, tutakuwa na mengi ya kujifunza na mengi ya kushauri. Tunayo sababu ya kulichukua jambo hili kwa uzito zaidi. Mwaka 1994, wakati wa Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi, maelfu ya watu walikimbilia Uwanja wa Amahoro wakitafuta uhai. Nchi iliyoona uwanja wa mpira ukiwa kimbilio haiwezi kukubali uwanja wowote uwe kaburi. Askari, ukishika zamu ya mlangoni, anza kwa kuuliza ufunguo uko kwa nani.