Kiwanja cha Nachingwea Kisisubiri Watalii

Mjadala wa kuboresha viwanja vidogo vya ndege nchini Tanzania umezoea kuegemezwa kwenye utalii, kana kwamba mgeni mwenye kamera ndiye abiria pekee anayestahili kutandikiwa lami, na mazoea hayo yamezifanya wilaya zisizo na fukwe za kutangazwa, Nachingwea na Ruangwa zikiwamo, zionekane hazina hoja ya kuwasilisha serikalini. Safu hii inashikilia kuwa hoja hiyo ipo na ni nzito, isipokuwa imekuwa ikitafutwa mahali pasipo pake.

Kipimo kizuri cha fikra ya utalii kwanza ni kisiwa cha Mafia. Kiwanja chake cha Kilindoni kiliwekewa lami kwa fedha za mkataba wa Changamoto za Milenia, yaani msaada wa Marekani wa dola milioni 698 uliosainiwa Februari 2008 na kufikia ukomo mwaka 2013, ambao sehemu yake kubwa ilikwenda kwenye barabara, umeme na maji. Kisiwa hicho hakikuwa na upungufu wa sifa: kina Hifadhi ya Bahari iliyoanzishwa mwaka 1995, ya kwanza nchini, kina matumbawe ya Ghuba ya Chole, na kina papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, anayeonekana karibu na Kilindoni kuanzia Oktoba hadi Machi. Hata hivyo Zanzibar, iliyopokea wageni 736,755 mwaka 2024, imeendelea kuiacha Mafia mbali mno, na lami ile imezoea zaidi ndege ndogo za injini moja zinazobeba abiria kumi na wachache.

Sababu ya hali hiyo haimo katika lami bali katika aina ya abiria. Mtalii husafiri kwa misimu, na masika yanapoingia, bahari ikachafuka na baadhi ya hoteli zikafunga milango, viti vya ndege hubaki vitupu. Shirika la ndege, ambalo hulipa marubani, bima na matengenezo kwa miezi yote kumi na miwili, haliwezi kuweka ndege kubwa kwa ajili ya nusu mwaka. Huweka ndogo, nauli ya kila kiti hupanda, na nauli ikipanda, mwalimu, mfanyabiashara na mgonjwa wa Mafia hurudi kwenye kivuko na boti za Nyamisati, hata idadi ya abiria wa mwaka mzima ambayo ingeshawishi ndege kubwa isipatikane kamwe. Huo ndio mzunguko unaokibana kiwanja kinachotegemea mgeni mmoja, na haustahili kuhamishiwa bara.

Nachingwea na Ruangwa zina kile ambacho Mafia imekikosa, yaani wasafiri wasiojali msimu. Ruangwa ina kinywe, madini meusi laini yanayotumika kutengenezea betri, na miradi yake, ukiwamo mgodi wa Lindi Jumbo, huhitaji wahandisi, wakaguzi na vipuri wakati wowote. Chama kikuu cha ushirika cha RUNALI, ambacho jina lake limeunganisha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, huuza korosho na ufuta kwa minada inayowavuta wanunuzi kutoka mbali. Wapo pia watumishi wa serikali, wanajeshi, na wagonjwa wa rufaa ambao hakuna mtaalamu wa utalii anayewahesabu.

Upo ushahidi mwingine, ule wa mwaka 2024. Kimbunga Hidaya, kilichofika Mafia mwanzoni mwa Mei, kiliambatana na mvua zilizokata barabara ya Dar es Salaam na Lindi katika eneo la Somanga wilayani Kilwa, na kwa siku kadhaa mikoa ya kusini ikakosa njia yake ya moja kwa moja ya nchi kavu kuelekea Dar es Salaam. Kiwanja cha ndege katika mazingira hayo ni miundombinu ya dharura kabla ya kuwa mlango wa starehe.

Wapo watakaoonya kwa kuikumbuka historia, na wana haki. Nachingwea ilikwishajengewa mengi kwa kubahatisha: katika mpango wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947, vitengo 55 kati ya 80 vilivyokusudiwa Tanganyika, kila kimoja cha ekari 30,000, vilipangiwa Jimbo la Kusini, na kwa ajili yake ikatandikwa reli kutoka pwani na kujengwa bandari ya kina kirefu ya Mtwara. Mpango ukaachwa Januari 1951, baada ya kuteketeza pauni milioni 36 hivi, na reli ikang'olewa katika miaka ya 1960. Kosa la wakati ule lilikuwa kujenga kwa ajili ya zao ambalo halijaota. Kujengea kiwanja watalii ambao hawajafika ni kulirudia kosa hilohilo kwa jina jingine, ilhali abiria wa kinywe na korosho wapo tayari.

Ukubwa wa kiwanja nao upimwe kwa hao waliopo. Mtwara, iliyo takriban kilomita 200 kutoka Masasi, jirani ya Nachingwea, imekwisha kurefushiwa njia yake ya kurukia kwa ajili ya ndege kubwa, na kuijenga nyingine ya aina hiyo Nachingwea itakuwa anasa. Ndege ya mapangaboi ya abiria 76, kama zile za Air Tanzania, inatosha, mradi wahandisi wakumbuke kwamba Nachingwea iko zaidi ya mita 400 juu ya usawa wa bahari na kwamba hewa ya joto na ya mwinuko, kwa kuwa nyepesi, huidai ndege ikimbie umbali mrefu zaidi kabla ya kuinuka. Kila daraja la ndege huja pia na daraja lake la zimamoto, gharama ambayo wanasiasa huisahau siku ya kukata utepe.

Utalii utakuja nyuma ya abiria hao, kwa kutumia viti ambavyo wengine wamekwisha kuvigharimia. Shamba Na. 17 la Nachingwea, ambako wapiganaji wa FRELIMO walipata mafunzo chini ya Samora Machel kabla ya uhuru wa Msumbiji wa Juni 25, 1975, lina hadhi ya kuwavuta Wamsumbiji wenyewe kabla ya Wazungu, na upande wa Liwale upo ukanda mpana wa wanyamapori wa Selous. Vivutio hivyo havina uwezo wa kulipia lami peke yake. Kinachotakiwa sasa ni halmashauri mbili, RUNALI na wenye migodi kuketi na Mamlaka ya Viwanja vya Ndege wakiwa na orodha moja mezani, inayoonyesha ni nani husafiri kwenda Dar es Salaam, mwezi gani, na kwa sasa hulipa kiasi gani kufika.